Nani Alilipia Njia ya Kahawa? Bukoba na Muleba tangu 1890

Emin Pasha alikifungua kituo cha Bukoba mwaka 1890 kwa niaba ya Wajerumani, lakini njia iliyoufanya mji huo kuwa wa biashara ilijengwa na Waingereza. Reli yao kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, na tangu hapo ngozi na kahawa za Bukoba zilivushwa Ziwa Victoria kwa meli hadi Kisumu, zikateremka pwani kwa mabehewa ya koloni la jirani. Wajerumani nao walijenga Reli ya Kati mpaka Kigoma, wakaimaliza mwaka 1914, mbali kabisa na migomba ya Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928 tu, Mjerumani akiwa ameshaondoka. Kwa zaidi ya robo karne, basi, mkulima wa Kamachumu, Muleba, aliuza zao lake kupitia njia iliyopangwa London kwa ajili ya Uganda. Haikuwa bahati mbaya. Mwelekeo wa barabara na bandari za Kagera, mkoa wenye Bukoba na Muleba, umefuata mfuko wa mlipaji, na mkulima, ambaye jasho lake limelipia sehemu kubwa ya gharama hizo, ni mara chache amekuwa na sauti juu ya mfuko huo.

Wapo watakaosema ziwa ndilo lililoamua, kwa kuwa kabla ya malori hapakuwa na njia rahisi kuliko maji. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi, kwani ziwa ni lilelile na mizigo imebadili mwelekeo mara kadhaa. Reli ya Mwanza iliipa kahawa mlango wa pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli lilikufa nayo; mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavamia, na daraja la Kyaka, kwenye barabara ya kwenda Uganda, likalipuliwa. Mlango wa kaskazini ukafungwa. Mkoa, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, ukabaki kuning'inia kwenye meli za Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyokuwa imechukua abiria Bukoba na kuongeza wengine kwenye bandari ya Kemondo, ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Lami ya Kagoma–Biharamulo–Lusahunga, kilomita 154 zinazoanzia ndani ya Muleba, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya nusu karne baada ya Uhuru. Daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka ghuba ya Mwanza, lenye urefu wa kilomita 3 na lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, lilifunguliwa Juni 2025. Barabara hiyo na daraja hilo vingewezekana wakati wowote kijiografia; kilichokosekana ni mtu wa kuvilipia.

Na fedha zilikuwepo, tena kutoka shambani. Wahaya waliitafuna kahawa na kuwapa wageni wao muda mrefu kabla ya mzungu kuifanya zao la kodi, na bei zilipopanda katika miaka ya 1920 Bukoba ikawa miongoni mwa wilaya zenye fedha nyingi Tanganyika. Chama kikuu cha ushirika, BNCU, kilianzishwa mwaka 1950, na kupitia ushirika na mamlaka za wenyeji sehemu ya fedha za zao ilirudi kwa wakulima kwa namna ya huduma. Tusiupambe wakati huo: barabara za awali zilichimbwa kwa kazi za shuruti chini ya abakama, watawala wa jadi wa Wahaya. Hata hivyo, mkulima alijua ofisi ya kwenda kulalamika. Kisha sera ya Madaraka Mikoani ikafuta halmashauri mwaka 1972. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Halmashauri zilirudi miaka ya 1980, ushirika pia, lakini uhusiano kati ya gunia na barabara ulikuwa umeshakatika. Magendo ya kahawa ya kwenda Uganda hayawezi kueleweka nje ya historia hiyo, wala butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupwa.

Leo halmashauri ya Muleba au ya Bukoba hutoza ushuru wa mazao, uliopunguzwa mwaka 2017 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Mwaka huohuo barabara za vijijini zilihamishiwa TARURA, wakala wa barabara wa serikali kuu. Anayekusanya ushuru si anayechonga barabara. Masika yakishika, bodaboda anayeteremsha magunia ya maganda, yaani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, kutoka vijijini kwenye mlima wa Kamachumu, huteleza kwenye udongo mwekundu, na nauli anayodai hukatwa kwenye bei ya mkulima. Mkulima akienda halmashauri ataambiwa barabara ni ya TARURA. Akienda TARURA ataambiwa bajeti hupangwa juu.

Watetezi wa TARURA wana jibu, na si dogo: halmashauri zilikosa wahandisi, fedha za barabara zikaishia kwenye posho, na tangu 2021 tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta imeuongezea wakala huo uwezo ambao wilaya yoyote isingeupata peke yake. Nakubali. Daraja la Busisi lisingejengwa kwa ushuru wa kahawa hata kwa karne nzima, na utaalamu uliokusanywa mahali pamoja ni bora kuliko fundi mmoja kila wilaya. Ila ubora wa mhandisi hauondoi swali la nani anachagua barabara ya kuanza nayo. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda kwenda Chongoleani, Tanga, linakatiza Muleba, na barabara za kulifikia zilitengenezwa kwa kuwa mlipaji alijua anachokitaka. Mkulima naye anajua. Sehemu ya ule ushuru wa asilimia 3 ingeweza kutengwa kisheria kwa ajili ya barabara zinazofika kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, wahandisi wakabaki kuwa wa TARURA, na orodha ya barabara ikapitishwa kwenye mkutano mkuu wa chama kabla ya msimu kufunguliwa.