Rovu, chumvi na moyo unaopiga mbio: historia ya ugonjwa wa tezi ya shingo katika Kivu

Katika vijiji vingi vya milima ya Kivu, wazee wanakumbuka wakati ambapo mama mwenye shingo iliyovimba hakushangaza mtu. Rovu, ambalo wengi wanaliita goita, lilionekana sokoni, kanisani na shambani kama jambo la kawaida. Ugonjwa wa pili, ule wa tezi inayofanya kazi kupita kiasi, ulikuja kujulikana baadaye. Ulikuja wakati dawa ya ugonjwa wa kwanza ilipofika.

Tezi hii iko mbele ya shingo, chini ya koromeo. Inatumia iodini kutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na matumizi ya chakula. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250. Lakini milima yetu iko mbali na bahari, na mvua za karne nyingi zimeosha iodini katika udongo. Tezi isiyopata iodini hukua, ikijaribu kukamata hata kile kidogo kinachopita.

Waganga walianza kulichunguza jambo hili kwa undani kwenye kisiwa cha Idjwi, katika miaka ya 1960. Walifanya kazi pamoja na kituo cha utafiti cha IRSAC, kilichoanzishwa mwaka wa 1947 na kujengwa Lwiro. Kati yao walikuwa François Delange na André Ermans wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels. Walikuta jambo la ajabu. Iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini kaskazini zaidi ya nusu ya wakaaji walikuwa na rovu, na kusini-magharibi wachache tu. Tofauti ilikuwa katika chakula. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha sumu ambayo mwilini inageuka kuwa kitu kinachozuia tezi kupokea iodini. Shida haikuishia kwenye shingo: watoto wengine walizaliwa na akili iliyodumaa na mwili usiokua.

Dawa ya kwanza ilikuwa sindano ya mafuta yenye iodini. Baadaye serikali na mashirika waliona njia rahisi zaidi ni chumvi, kwa sababu kila jiko lina chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilienea katika masoko ya Zaïre.

Hapo ndipo ugonjwa mwingine ulipoonekana. Mwaka wa 1996, jarida la The Lancet lilitoa taarifa ya Ermans na wenzake kuhusu watu wa Kivu wenye rovu la zamani ambao tezi yao ilikuwa imeanza kutoa homoni nyingi mno. Sababu inaeleweka. Tezi iliyokosa iodini kwa miaka mingi huota mafundo, na mengine hayasikii tena amri ya ubongo. Iodini ikiwa haba, mafundo hayo hayana cha kutengenezea homoni. Ikifika kwa wingi na kwa ghafula, yanatengeneza bila kusimama.

Kivu haikuwa peke yake. Katika kisiwa cha Tasmania, Australia, wagonjwa wa namna hii waliongezeka baada ya iodini kutiwa katika mkate mwaka wa 1966, kisha wakapungua miaka ilivyopita. Uchunguzi uliofanywa katika nchi saba za Afrika ulionyesha kwamba hatari ilijitokeza hasa Zimbabwe na Zaïre, ambako chumvi yenye iodini nyingi mno iliingia ghafula. Mwaka huohuo wa 1996, Shirika la Afya Duniani na wenzake walipendekeza chumvi iwe na miligramu 20 hadi 40 za iodini kwa kilo.

Mahali ambapo watu wanapata iodini ya kutosha, ugonjwa huu hukamata kati ya watu 2 na 13 kwa kila 1,000, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Mahali palipotoka kwenye upungufu mkubwa, wanaoguswa zaidi ni watu wazima wenye rovu la muda mrefu.

Kwa Kivu, mwaka huo wa 1996 ulikuwa pia mwaka wa vita. Familia zilikimbia, na kufuatilia wagonjwa kukawa kugumu. Hata leo, mama aliyehama kijiji chake anaweza kukonda ingawa anakula, kutetemeka mikono, kutoka jasho, kukosa usingizi na kusikia moyo ukipiga mbio. Jirani watasema ni mawazo ya vita, au amerogwa. Akiwa na rovu la zamani, afaa aonyeshe shingo yake kwa muuguzi na kueleza dalili zote. Dawa zipo, na ugonjwa ukiachwa unaharibu moyo.

Historia hii haisemi chumvi itupwe. Chumvi hiyo inakinga akili za watoto ambao bado hawajazaliwa. Inasema kipimo kichungwe kiwandani na sokoni, na nyumbani chumvi ifunikwe, isiloe wala isiachwe juani. Muhogo nao uloekwe siku za kutosha, na sombe litwangwe na kuchemshwa vizuri, kama bibi zetu walivyofundisha.