Beisiboli: ligi ya kiangazi inayofungua mlango, na karatasi inayoufunga

Katika Masisi na Walikale, kijana mwenye kipaji anajulikana kwenye mpira wa miguu. Beisiboli haichezwi sana kwetu. Lakini jirani zetu wa Uganda wameifikisha mbali, na njia waliyopitia inafundisha kila mzazi mwenye mtoto anayecheza vizuri, hata kama mchezo wake ni mwingine.

Mchezo wenyewe ni huu: mtupaji anarusha mpira mdogo mgumu, mpinzani wake anaupiga kwa fimbo, kisha anakimbia kupita vituo vinne. Nyuma ya mpigaji kuna mdakaji.

Ligi za kiangazi ni nini?

Huko Marekani, vyuo vikuu vikifunga masomo kati ya mwaka, wanafunzi wenye vipaji wanaenda kucheza katika ligi za kiangazi. Inayojulikana zaidi ni ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts, yenye timu 10. Wachezaji wanalala kwa familia za pale pale na wanatumia fimbo za mbao kama wakubwa, wakati kwenye vyuo wamezoea za chuma. Watafuta vipaji wa timu kubwa 30 wanakaa pembeni wakipima kasi ya mpira, mbio na nguvu ya mkono. Mwezi wa 7 timu hizo zinachagua vijana, kila moja kwa zamu yake.

Mwaka 2021 ilianzishwa nyingine, MLB Draft League, kwa ajili ya wale wanaosubiri kuchaguliwa. Mwaka 2023 ilimpokea Dennis Kasumba, mdakaji kutoka Uganda, katika timu ya Frederick Keys, jimbo la Maryland. Alijulikana kwa video alizojirekodi akifanya mazoezi na matairi ya zamani. Kabla ya kufika alinyimwa viza. Na ligi hiyo haikumpa mkataba wa timu kubwa: kuonekana ni jambo moja, kuchaguliwa ni lingine.

Waganda wengine walipita njia tofauti. Kijana wa nje ya Marekani anaweza kusaini moja kwa moja na timu tangu miaka 16. Hivyo watupaji Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022.

Mahali ambapo kipaji hakikutosha

Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya Little League, huko Pennsylvania. Ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika. Haikusafiri. Marekani iliwanyima viza sababu tarehe za kuzaliwa na karatasi za watoto hazikupatana. Mwaka 2012 timu ya Lugazi, karatasi zikiwa sawa, ilifika na hata ikashinda mchezo mmoja.

Hapo ndipo jambo hili linatugusa. Familia nyingi za Masisi na Walikale zimekimbia zaidi ya mara moja. Karatasi zimebaki nyumbani ao zimeungua, na watoto wengine hawakuandikwa hata siku moja. Sheria ya Kongo inatoa siku 90 kumwandikisha mtoto kwenye état-civil ili apate acte de naissance. Muda ukipita, inahitajika hukumu ya mahakama, ile inayoitwa jugement supplétif. Kuifuata wakati mtoto angali mdogo ni rahisi kuliko siku ile timu imemuita.

Jinsi ya kujikinga

Tamaa ya kufika mbali si ya bure. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichaguliwa wa 7 katika basketi ya NBA mwaka 2021. Lakini jina kama hilo linatumiwa pia na wadanganyifu.

Timu ya kweli haiombi mzazi feza ya "test" ao ya viza. Kwenye mpira wa miguu, FIFA inakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Yeyote anayesema atampeleka mtoto wa miaka 14 Ulaya aulizwe: ni timu gani, na shirikisho la nchi yake linajua? Na asiyekubali mzazi asome mkataba kabla ya kusaini, asipewe mtoto.

Kupunguza umri pia ni mtego. Miaka miwili iliyofichwa leo inaweza kufunga mlango kesho, ofisi ikilinganisha karatasi ya shule na ile ya kuzaliwa.