Difu yenye kikomo

difu yenye kikomo nm [i-/zi-] Kifaa cha gari kinachogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu mawili, au kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, huku kikizuia mwendo wa pande hizo mbili usipishane kupita kiasi. Kwa kirefu: *difu yenye kikomo cha kupishana*.

Umbo na ngeli

*Difu* ni ufupisho wa neno la Kiingereza lililoingia katika Kiswahili kwa njia ya gereji. Katika mazungumzo husikika *difu imekufa* na vilevile *difu limekufa*. Mwandishi achague upatanisho mmoja na kuufuata hadi mwisho wa matini. Makala haya yanatumia i-/zi-.

Maana

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Difu ya kawaida huruhusu tofauti hiyo. Lakini ina tabia ya pili, nayo ndiyo inayoleta taabu: hupeleka nguvu ya kuzungusha iliyo karibu sawa kila upande. Gurudumu moja likikanyaga tope linaloweza kuhimili niutonimita 100 tu, lenzake lililo juu ya lami kavu nalo hupata 100 tu. Mwenye nguvu hupimiwa kwa kibaba cha mnyonge, na gari hukwama gurudumu moja likizunguka bure.

Katika magari yenye injini kali, taabu hiyo haingoji tope. Mwaka 1935 Ferdinand Porsche aliiagiza kampuni ya ZF ya Ujerumani imtengenezee difu yenye kikomo kwa ajili ya magari ya mashindano ya Auto Union, ambayo gurudumu lake moja la nyuma lilikuwa likizunguka bure hata gari likiwa katika kasi kubwa. Sababu hiyohiyo ndiyo iliyokipeleka kifaa hiki katika sedani za michezo, yaani magari ya saluni yenye injini ya nguvu. Dereva anapotoka konani na kukanyaga mafuta, uzito huegemea upande wa nje. Gurudumu la ndani hupungukiwa na mshiko na, bila kikomo, huweza kuzunguka bure na kupoteza sehemu ya nguvu ya gari.

Kinachowekewa kikomo

Hapa ndipo tafsiri nyingi hupotoka. Jina la Kiingereza la kifaa hiki lina neno lenye maana ya kuteleza, na mfasiri huandika *difu isiyoteleza* au *difu ya kuzuia utelezi*. Msomaji hudhani kwamba tairi halitateleza barabarani. Sivyo. Kinachodhibitiwa ni kupishana kwa mwendo kati ya shafti mbili zinazotoka katika difu. Tairi zote mbili zaweza kuteleza kwa pamoja, na difu ikawa inafanya kazi yake barabara. Ndiyo maana tunapendekeza kitenzi *kupishana*.

Isichanganywe pia na *difu loki*. Difu loki huzifunga shafti mbili zizunguke kama shafti moja, na kwa kawaida dereva ndiye huiwasha na kuizima. Difu yenye kikomo hubana kwa kiasi tu, na aghalabu hufanya hivyo yenyewe. Gari la Audi quattro la mwaka 1980 laonyesha mpaka huo: difu yake ya katikati ilifungwa na dereva, kwa hiyo ilikuwa na difu loki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Audi iliweka mahali pake difu ya Torsen, inayobana yenyewe. Mfasiri anayetumia neno moja kwa zote mbili huwa amefuta mabadiliko yenyewe.

Aina

1. *Ya klachi.* Ina plati zinazobanana na kusuguana. Huhitaji oili ya difu iliyotiwa kirutubisho maalumu cha msuguano. Ikitiwa isiyofaa, difu huweza kulia na kutetema konani. Neno *maalumu* lisidondoshwe katika tafsiri.
2. *Ya gia.* Hutumia meno yanayobanana kadiri nguvu inavyoongezeka. Torsen ni jina la biashara. Liandikwe kwa herufi kubwa, wala lisitumiwe kwa kila difu yenye kikomo.
3. *Ya kimiminika.* Plati zake huzunguka ndani ya kimiminika kizito kinachokinza zinapopishana.
4. *Ya kielektroniki.* Kompyuta ya gari huamua wakati na kiasi cha kubana klachi.

Katika gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, difu huweza kuwa mahali patatu: mbele, katikati na nyuma. Kwa hiyo *gari lina difu yenye kikomo* ni sentensi pungufu. Andika: *difu ya nyuma ina kikomo*, au *difu za katikati na nyuma zina kikomo*.

Tarakimu na maana zake

BMW M3 ya kwanza, ya mwaka 1986, ilikuwa na difu ya klachi yenye kiwango cha kubana cha asilimia 25. Tarakimu hiyo haimaanishi kwamba magurudumu hupishana kwa asilimia 25, wala kwamba kuteleza kumepunguzwa kwa kiasi hicho. Maana yake ni kwamba tofauti ya nguvu kati ya pande mbili yaweza kufikia asilimia 25 ya nguvu yote: upande mmoja 62.5, wa pili 37.5.

Difu za gia huelezwa kwa uwiano. Uwiano wa 3 kwa 1 maana yake upande wenye mshiko waweza kupokea mara tatu ya upande dhaifu: 75 kwa 25, sawa na kiwango cha kubana cha asilimia 50. Katika mfano wetu wa tope, niutonimita 100 huipa lami 300. Lakini gurudumu likining'inia hewani, mara tatu ya sifuri ni sifuri. Kwa sababu hiyo usiandike kwamba difu ya gia *hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko daima*.

Onyo kwa wafasiri wa vitabu vya magari

Gari lenye difu ya kawaida likiinuliwa gurudumu moja kwa jeki na kuingizwa gia, lile la hewani ndilo huzunguka. Lenye difu yenye kikomo huweza kusukumwa na gurudumu lililobaki chini, likaruka kutoka kwenye jeki na kumwangukia fundi. Linganisha:

*Kosa:* Usiingize gia magurudumu yakiwa yameinuliwa.

*Sahihi:* Usiingize gia injini ikiwa inanguruma, iwapo hata gurudumu moja linaloendeshwa na injini lingali linagusa ardhi.

Sentensi ya kwanza haina kosa la sarufi, lakini imeugeuza wingi kuwa mtego: fundi aliyeinua gurudumu moja tu atajiona yu salama, ilhali hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu manne, kuinua ekseli moja hakutoshi, kwa kuwa ekseli ya pili bado yaweza kulisukuma. Hapa umoja na wingi ni suala la uhai, si la mtindo tu.

Mifano ya matumizi

*Fundi alifungua difu ya nyuma akakuta plati zimelika.*

*Difu yenye kikomo haiongezi nguvu ya injini. Huizuia tu isipotelee kwenye gurudumu lisilo na mshiko.*

*Sedani hii ina difu ya kawaida mbele na difu yenye kikomo nyuma.*

Linganisha: difu loki; ekseli; klachi; mshiko; shafti.