Panzi Si Shing'weng'we

Hadithi hii unaijua, hata kama jina la filamu limekutoka. Kuna mtoto mpweke. Kuna kiumbe ambaye wakubwa wote wanamwogopa: joka, zimwi, au mnyama wa ajabu wa ziwani. Mtoto anakutana naye kwa bahati tu, anamsogelea, anagundua kwamba kumbe ana njaa au ameumia, na urafiki unaanza. Halafu wakubwa wanakuja na mienge na mikuki, na mtoto anasimama katikati. Iwe umeiona kwenye kibanda umiza cha Kahama au kwenye simu yako, mwisho wake unaubashiri ukiwa bado dakika ya kumi.

Sasa swali. Kwa nini hadithi za wazee wetu hazifanani na hizo? Huku Usukumani mtoto shujaa hafanyi urafiki na dude. Analipasua. Je, watoto wa wenzetu wanafundishwa huruma na wa kwetu wanafundishwa kuua? Ukiisoma historia vizuri, jibu linageuka kichwa chini miguu juu.

Tuanze na upande wa filamu. Urafiki wa mtoto na joka si hadithi ya kale kama inavyoonekana. Kwa karne nyingi Ulaya, kazi ya joka ilikuwa kuuawa. Tazama picha za Mtakatifu George: yuko juu ya farasi, mkuki uko mkononi, joka liko chini. Mwaka 1898 mwandishi wa Uingereza Kenneth Grahame alichapisha hadithi ya mtoto wa mchungaji wa kondoo anayezoeana na joka linalopenda mashairi kuliko vita. George anapokuja kuliua, mtoto anawakutanisha wawili hao, wanapatana, na pambano linakuwa maigizo ya kuwaridhisha wanakijiji. Mwaka 1941 kampuni ya Disney iliiingiza hadithi hiyo kwenye filamu. Baadaye zikaja Pete's Dragon (1977), My Neighbor Totoro ya Mjapani Hayao Miyazaki (1988) na How to Train Your Dragon (2010).

Hiyo ya mwisho ina jambo la kukumbuka tunapoendelea. Kijiji kinapigana na majoka kwa sababu yanaiba kondoo. Mtoto, kwa kuwa amekaribia na kuchunguza, anagundua kwamba majoka hayo yanaiba kwa kulazimishwa: kuna joka moja kubwa mno, limejificha mbali, linalodai kulishwa. Yaani kile ambacho kijiji kilikuwa kinakiua kila siku hakikuwa chanzo cha tatizo.

Sasa turudi nyumbani. Hadithi ya Masala Kulangwa husimuliwa kwa namna nyingi. Hii ni mojawapo. Dude liitwalo Shing'weng'we lilimeza mifugo yote na watu wote duniani, isipokuwa mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi ya nafaka. Mama akajifungua mvulana, akamwita Masala Kulangwa. Masala kwa Kisukuma ni akili. Mtoto alipokua akauliza: mama, mbona tuko wawili tu, wengine wako wapi? Mama akamweleza. Tangu siku hiyo mtoto akaanza kuliwinda dude.

Siku ya kwanza akarudi anaimba kwa furaha, amemuua Shing'weng'we! Mama akatazama. Mwanangu, huyu ni panzi. Wakamchoma, wakamla. Siku nyingine akaja na ndege, akiimba vilevile. Mama akasema hapana, huyu ni ndege. Akaja na swala, jibu likawa lilelile. Mwishowe akakutana na Shing'weng'we mwenyewe, akaliua, akalipasua, na watu wote wakatoka wakiwa hai.

Wengi wetu tunakomea hapo na kupiga makofi. Lakini hadithi haijaisha. Wakati wa kupasua, kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani. Bibi alikasirika vibaya sana, akataka kumroga kijana. Watu wakamlinda kijana, na yeye akatafuta dawa mpaka akaipata, akamponya bibi sikio lake. Baada ya hapo ndipo watu walipomfanya mtemi.

Umeona? Masala Kulangwa hakupewa utemi siku aliyoua dude. Aliupata baada ya kumtibu mwanamke aliyekuwa anataka kumroga. Na kabla ya hapo alirekebishwa na mama yake mara kwa mara: hujaua ulichodhani umeua. Sisi tunaosoma sayansi tungesema mama alikuwa anapima dhana ya mwanawe dhidi ya ushahidi. Mama mwenyewe alisema tu kwamba huyu ni panzi.

Kwa nini hili ni jambo zito? Kwa sababu Shinyanga imepitia madude halisi, na si kila mara tumekumbuka sehemu hiyo ya hadithi.

Dude la kwanza lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ugonjwa wa sotoka ulishuka kutoka kaskazini mwa Afrika Mashariki na kufyeka ng'ombe. Nchi ya wafugaji ilibaki bila mifugo; njaa na ndui vikafuata katika maeneo mengi. Ng'ombe wanapopotea na watu wakahama, hakuna wa kula majani wala kukata vichaka, kwa hiyo pori hurudi. Na ndani ya pori anarudi mbung'o, ambaye hueneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha jinsi mfuatano huo ulivyovunja uwezo wa watu wa Tanganyika kuyatawala mazingira yao. Vijiji vilimezwa na pori. Nenda kaangalie tena hadithi ya mama na mtoto waliobaki wawili tu. Huhitaji kuambiwa kwamba msikilizaji wa wakati ule aliisikia kwa sikio tofauti na lako.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijibu kwa shoka. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na maelfu ya watu wakahimizwa na watemi wao kufyeka vichaka. Mbung'o alirudi nyuma. Mifugo iliongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, watu wakaongezeka, na miti ikaendelea kukatwa. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa tambarare tupu, kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kuwasaidia wanavijiji kurudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayofungwa ili yajirudie. Mradi ulifaulu: zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilirudishwa.

Lakini ebu simama kwenye ile miaka ya ukame wa miti. Kuni hakuna. Mama anapikia nini? Kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, mabua, magunzi. Moshi wake ni mkali. Mwanamke aliyeinama juu ya moshi huo jikoni kwa miaka arobaini, pengine na ugonjwa wa vikope juu yake, macho yake yanakuwaje? Yanakuwa mekundu.

Na katika Usukuma, macho mekundu ya bibi kizee yakaja kuchukuliwa kuwa alama ya mchawi.

Hapo ndipo panzi walipoanza kuuawa. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyelichunguza suala hili kwa kina, aliyahusisha na mabadiliko ya wakati ule: utawala wa watemi ulikuwa umefutwa, na operesheni ya vijiji ilikuwa imewabana pamoja watu waliozoea kuishi mbalimbali. Ukipata msiba, jirani wa kumshuku yuko hatua chache tu kutoka mlangoni kwako. Hata sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 pande za Kahama na Shinyanga ili kupambana na wezi wa ng'ombe, kuna mahali liligeukia pia wanawake walioshukiwa uchawi.

Utafiti ulioonyesha dude halisi lilipokuwa limejificha ni wa mwanauchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa mwaka 2005. Alikusanya taarifa za vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, wakati huo ikiwa mkoa wa Shinyanga na leo Simiyu, akazilinganisha na rekodi za mvua. Katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya waliotuhumiwa uchawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka ya kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na wengi walitoka kwenye kaya maskini.

Tafakari hilo. Kama tatizo lingekuwa uchawi, kwa nini "wachawi" waongezeke mvua inapokosekana? Kilichokuwa kinaingia kwenye nyumba zile ni njaa. Kaya yenye debe moja la mahindi na vinywa tisa ilikuwa imebanwa, na hofu na hesabu ya chakula vikamwangukia mtu mmoja asiye na nguvu. Njaa haina shingo ya kukata kwa panga. Bibi anayo.

Mkasa mwingine unaihusu Kahama moja kwa moja. Kwenye filamu zetu mtoto anakutana na kiumbe wa hekaya. Hapa kwetu watoto wenyewe waligeuzwa viumbe wa hekaya. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino walianza kuwindwa Kanda ya Ziwa kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri, pamoja na uvumi wa siku nyingi kwamba wao hawafi, hutoweka tu. Sayansi yake ni nyepesi: mtoto amerithi jeni husika kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, na mwili wake hautengenezi rangi ya kutosha. Basi. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiwa imekaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa miaka 14 huko Bukombe, ambako leo ni Mkoa wa Geita. Zilikuwa hukumu za kwanza nchini za aina hiyo. Yule mvulana alikuwa mtoto kama wengine, ila watu wazima walisimuliana hadithi mpaka wakaacha kumwona.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali letu la mwanzo, filamu ya mtoto na joka na hadithi ya Masala Kulangwa hazipingani. Zote mbili zinauliza: una uhakika gani kwamba huyu uliyemwinulia mkuki ndiye anayekumeza? Filamu inajibu kwa kumsogeza mtoto karibu na kiumbe. Hadithi ya Kisukuma inajibu kwa sauti ya mama anayekataa kushangilia panzi, na kwa kijana anayekwenda kutafuta dawa ya sikio badala ya kummaliza bibi. Ukiniuliza mimi, ya kwetu inakwenda mbali zaidi. Joka la kwenye filamu ni zuri, lina macho makubwa, ni rahisi kulipenda. Bibi wa Masala Kulangwa ana hasira, ana chuki, na kweli anataka kudhuru. Bado jibu ni tiba.

Usinielewe vibaya. Hadithi haisemi madude hayapo. Shing'weng'we yupo na lazima apasuliwe. Lakini dawa ya ukame ni ghala, ngitili, mbegu zinazostahimili jua, na pensheni kwa wazee ili bibi asionekane mzigo nyumbani. Miguel mwenyewe alitaja pensheni kama njia ya kuwalinda. Dawa ya macho mekundu ni jiko lisilo na moshi na dawa za vikope.

Kama wewe unasomea filamu, na najua wapo mnaosoma hapa, hii hadithi inakusubiri. Mwaka 2023 mkusanyiko wa katuni za Kiafrika uitwao Kizazi Moto ulitoka, ukiwa na kazi kutoka Kenya na Uganda, kwa hiyo usiseme haiwezekani. Ila ukiitengeneza usiishie pale dude linapopasuka na watu wanatoka wakishangilia. Na kama husomei filamu, tafuta mzee anayeijua hadithi hii, umwache aisimulie yote, halafu umuulize kilichompata bibi wa sikio.