Wamebaki Ng'ombe Wangapi?

Mwaka 2004 duara langu, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Nyarugusu, Geita, lilikuwa limefika futi 90. Jioni moja tuliosha sampo kwenye karai, ukabaki mkia wa njano, mwembamba kama uzi wa cherehani. Vijana wakanitazama. Matimba, magogo ya kuzuia kuta za shimo, yalihitaji kubadilishwa, pampu haikuwa na dizeli, na mchele ulikuwa wa siku mbili. Tuendelee au tufunge?

Baba yangu alifanya kazi mgodi wa Mwadui, Shinyanga, kwa hiyo nimekua nikisikia habari za John Thorburn Williamson. Mjiolojia huyo, aliyezaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907, alizunguka Usukumani miaka mingi akisaka almasi, madeni yakimwandama, hadi Machi 1940 alipoipata Mwadui. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, aliyozawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipokuwa akiolewa. Vijiweni Williamson husimuliwa kama mcheza karata aliyeweka kila alichonacho, akabahatika.

Mimi mchimbaji nayaona mengine. Kabla ya Mwadui alikuwa Mabuki, kusini ya Mwanza, kwenye mgodi wa almasi ambao kampuni iliyoumiliki ilikuwa imeukatia tamaa. Almasi za pale zilikuwa chache, ila mwamba unaozizaa alikuwa ameshauona kwa macho. Palipo na mmoja, pengine pana mwingine. Hakujiuliza tena kama nchi ile ina almasi. Alijiuliza kama ataweza kula mpaka azifikie. Hapo ndipo anapoingia I. C. Chopra, wakili wa Mwanza, aliyemkopesha fedha na baadaye akawa mbia wake. Dalili aliiona Williamson. Siku za kuisubiri alizinunua Chopra.

Geita nayo ina somo hilo hilo. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, enzi wakia ya dhahabu ikiuzwa dola 35. Dhahabu haikuondoka. Ilikaa ardhini ikisubiri wenye mfuko mrefu, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa.

Kwetu wachimbaji wadogo mfuko ni mfupi, na mzigo haulingani. Vijana wa shimoni hungoja mgao wa mifuko ya mawe. Mwenye duara analisha, ananunua matimba, anajaza pampu. Mkanda wa mwamba wenye dhahabu ukionekana, wote tunagawana; ukijificha, chakula kilicholiwa ni hasara yake peke yake. Ndiyo maana mkia wa njano humdanganya zaidi yule aliyekwisha kutumia vingi: anachimbia alivyopoteza, hachimbii anachokiona.

Asubuhi iliyofuata sampo ile nilimpigia baba simu. Nikamweleza karai, uzi, futi 90. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu:

"Ng'ombe wamebaki wangapi?"

Nilikuwa nao wanne. Wote wanne nilikuwa nimewauza.

"Hakuna, baba."

Akanyamaza. Nikawaita vijana, tukaanza kutoa pampu.