Kisima Hakingoji Hamu

Ushauri anaopewa mtu anayekwepa kazi siku hizi huanzia ndani yake mwenyewe: ajiulize anataka nini maishani, ajiahidi zawadi, aigawe kazi vipande vipande, aamke alfajiri. Wafugaji wa Oldonyiro, pembe ya magharibi ya Kaunti ya Isiolo inayopakana na Laikipia na Samburu, miongoni mwao Wasamburu, wana historia inayopinga ushauri huo kimyakimya. Kazi iliyowachosha kuliko zote, kunywesha mifugo wakati wa kiangazi, haikuachiwa hamu ya mtu yeyote. Ilipangwa hata asiyeitaka akajikuta tayari yumo ndani yake. Wageni wameupenda mno msemo kwamba watu wa kaskazini mwa Kenya ni wagumu kwa asili. Mimi naona ugumu huo umesifiwa kupita kiasi, na mpango wa kazi haujasifiwa vya kutosha.

Tuanze na hesabu, kwa maana bila hesabu kazi hii huonekana kama burudani. Mto Ewaso Nyiro uko mbali na sehemu kubwa ya malisho, na kwa miezi mingi tegemeo ni laga, mito ya msimu kama ile ya Kipsing, ambayo maji yake hujificha chini ya mchanga mvua ikishapita. Watu huufukua mchanga mpaka wayafikie. Kiangazi kikizidi maji hushuka, na shimo hufuata. Lililokuwa la kufika magotini mwanzoni huishia kumzidi mtu kimo, pengine mara mbili au tatu. Kuta za mchanga huporomoka, kwa hiyo shimo hupanuliwa na kuwekewa ngazi za kusimamia. Juu huzungushwa miiba, ingawa miiba haimzuii tembo mwenye kiu. Ng'ombe aliyekaa siku mbili bila maji hunywa lita 30 hivi kwa mkupuo. Kundi la ng'ombe 50 basi linataka lita 1,500, na chombo kikiwa cha lita 5, kila jozi ya mikono iliyomo kisimani itakinyanyua mara 300. Mbuzi bado hawajafika. Kesho kutwa kundi litarudi, na mchanga ulioanguka usiku utakuwa unasubiri kutolewa. (Ngamia hukaa wiki na zaidi bila kunywa, na hiyo ni sababu mojawapo ya Wasamburu wengi kuwafuga miongo hii ya karibuni, wao ambao zamani fahari yao yote ilikuwa ng'ombe.) Hakuna binadamu anayeamka na shauku ya kunyanyua ndoo mara 300.

Kilichofanyika ni kumwondolea mtu nafasi ya kujiuliza kama anataka. Wanaume walisimama mmoja juu ya mwingine kutoka chini ya kisima hadi kwenye hori, chombo kikapanda mkono kwa mkono na kitupu kikashuka. Waliimba. Katika visima vya Namunyak, kaskazini mwa Oldonyiro, desturi hiyo ingali hai, na watalii huongozwa kwenda kuisikiliza, mara nyingi kwa sharti la kutopiga picha. Wimbo huwasifu ng'ombe wa kundi linalonyweshwa, na ng'ombe wenyewe huijua sauti ya kwao, wakasogea zamu yao ifikapo huku makundi mengine yakingoja pembeni. Mwimbaji hawezi kuacha katikati ya ubeti bila wenzake kujua, na mapigo ya wimbo ndiyo yanayoamua kasi ya mkono, si uchovu. Kwa Waborana, ambao visima vyao vikuu viko kusini mwa Ethiopia na ambao tawi lao la Waso ndilo linalokaa upande wa mashariki wa Isiolo, mpango ulikwenda mbali zaidi: kila kisima kina msimamizi wa ukoo, na yuko abba herega, mtu ambaye kazi yake ni kutunza zamu za kunywesha tu. Anayetaka zamu sharti alete mikono ya kufanya kazi.

Hapo mtu aliyesoma saikolojia ataleta pingamizi la haki. Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio ya watu kuvuta kamba. Alikuta kwamba watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa kama nusu tu ya nguvu ambazo angezitoa akivuta peke yake. Kama ndivyo, kazi ya pamoja hulea uvivu, na msururu wa kisimani ungepaswa kuwa maficho mazuri ya mtegaji. Lakini tofauti iko kwenye kamba yenyewe. Katika kamba nguvu za wote huchanganyika, na hakuna anayejua ni mkono wa nani uliolegea. Kisimani chombo hupita kwa mtu mmoja baada ya mwingine. Akilegea mmoja, wa juu yake hubaki na mikono mitupu na wa chini yake hubaki ameshika mzigo. Kosa linajulikana papo hapo, na linajulikana ni la nani. Waliokipanga kisima hivyo hawakumsoma Ringelmann, lakini tatizo lake walikuwa wamelitatua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: huenda yote hayo ni shuruti iliyopambwa kwa nyimbo. Paul Spencer, aliyeishi na Wasamburu miaka ya mwisho ya 1950 na kuchapisha kitabu chake juu yao mwaka 1965, aliieleza jamii inayotawaliwa na wazee, ambamo wamorani, vijana wa rika la wapiganaji, walifundishwa nkanyit, yaani heshima na haya, na nyuma ya mafunzo hayo kulikuwa na laana ya mzee. Ni kweli, hofu ilikuwemo. Ila kama hofu ingetosha, serikali ya kikoloni ingefanikiwa kuliko wote. Sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu wa Kenya uwezo wa kuwaita watu kufanya kazi za jumuiya bila malipo, na baada ya Vita Kuu ya Pili nguvu hiyo ilielekezwa kwenye kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Murang'a kazi hiyo iliwaangukia hasa wanawake, na mwaka 1948 waliandamana wakicheza na kuimba kwamba hawachimbi tena. Wimbo ulikuwepo, umati ulikuwepo, adhabu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mavuno ambayo mchimbaji angeyaona kuwa yake. Machakos, ambako Wakamba nao walikuwa wamezipinga amri za aina hiyo, matuta yaliendelea kuchimbwa hata baada ya uhuru, safari hii na vikundi vya mwethya, majirani wakizunguka shamba hadi shamba. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watu walichimba matuta, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa mazao yake yalikuwa na soko. Jembe ni lile lile na mteremko ni ule ule. Kwa mfugaji wa laga, ng'ombe aliye mbele ya hori ni wake mwenyewe, au ni wa jirani ambaye kesho atasimama chini yake kisimani.

Lipo jambo moja ambalo hoja yangu hailimezi kwa urahisi. Maji ya nyumbani, ya kupikia na kunywesha watoto, yalichotwa na wanawake na wasichana kutoka mashimo yale yale, na hakuna msururu wala zamu rasmi iliyopangwa kwa ajili yao. Waliyabeba mgongoni, siku baada ya siku, mara nyingi mwendo mrefu. Mtu anaweza kusema kwamba hilo linathibitisha kuwa mpango haukuhitajika: kazi ilifanyika tu. Ilifanyika, ndiyo, kwa sababu mtoto akilia kwa kiu hakuna mjadala. Lakini tazama bei yake. Kazi ya wanaume kisimani imebaki kuwa fahari inayoonyeshwa wageni. Ya wanawake imebaki kuwa mzigo, na wasichana waliipa saa ambazo zingekuwa za darasani. Jamii iliyojua kuipanga kazi ngumu iweze kubebeka ilichagua ni kazi ya nani ipangwe.

Sasa pampu za jua na visima virefu vinachukua nafasi ya mikono, na ni nafuu kubwa. Asiyewahi kuchota asimlilie mchotaji nyimbo zake. Hata hivyo kazi isiyopendwa haijaisha, imebadilika tu. Leo ni kuhudhuria kikao cha kamati ya maji, kulipa mchango kabla mashine haijaharibika, kuandika daftari, kusafisha tangi. Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na ile ya 2016 iliyofuata, zilivipa nafasi vyama vya watumiaji wa maji, na dhana iliyozoeleka ni kwamba watumiaji watayafanya haya wenyewe. Katika sehemu nyingi za ukame wa Kenya hayafanyiki, na lawama huwaendea wananchi: hawana moyo wa kujitolea. Lakini mchango wa pampu ni kamba ya Ringelmann. Asiyelipa hunywesha sawa na aliyelipa, kulegea kwake hakumwachi jirani na mikono mitupu siku hiyo, na anayejua ni mweka hazina peke yake, ambaye naye pengine ni shemeji. Siku za soko la mifugo la Oldonyiro watu wa vijiji vingi hukutana mahali pamoja na fedha zikiwa mikononi. Kamati itakayosoma hadharani majina ya waliolipa na wasiolipa siku hiyo, na kuwapanga kwenye hori kwa kufuata orodha hiyo, itakuwa inafanya kazi ya abba herega, hata kama haitamjua kwa jina.