Mji Hupanuka, Njia Hazikutani: Funzo la Nairobi

Dar es Salaam ina mtaa uitwao Kariakoo, na majirani zetu wa Nairobi wana mtaa uitwao Kariokor. Majina hayo mawili yana asili moja: ni jina la Kiingereza la Kikosi cha Wapagazi, lililotamkwa kwa ulimi wetu. Waafrika wa kikosi hicho walibeba mizigo na risasi za jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kariakoo ilipimwa kwa mitaa iliyonyooka na kukatana, hata mtu akifungiwa njia moja hupata ya pili. Sehemu kubwa ya Nairobi haikupata bahati hiyo. Jambo hili lawahusu wapiganaji na askari polisi, maana njia za mji ndizo humfikisha askari panapotakiwa msaada, au humchelewesha.

Nairobi ilianza mwaka 1899 ikiwa kambi ya reli iliyotoka Mombasa. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi: Wazungu wakakaa kwenye vilima vya magharibi, na Waafrika wengi wakawekwa mashariki, karibu na reli na viwanda. Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa mji, uliotungwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini. Kwa mpango huo, kila mtaa wa makazi ulikusudiwa uwe kama kijiji cha peke yake, barabara kubwa zipite pembeni. Hoja ya mipango ya namna hiyo ilikuwa kuwakinga wakazi na magari. Lakini mtaa unaokingwa na magari kwa njia hiyo hutengwa pia na jirani zake.

Miaka sita baadaye, alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji kuwasaka wafuasi wa Mau Mau. Mitaa ya Waafrika ilipekuliwa mmoja baada ya mwingine, na watu zaidi ya 20,000 wakatiwa kizuizini.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na watu wakamiminika mjini. Hesabu ya mwaka 1969 ilipata wakazi 509,286. Ile ya mwaka 2019 ilipata 4,397,073. Mashamba ya pembezoni yakanunuliwa na makampuni ya ardhi na kukatwa viwanja. Aghalabu mwenye shamba alichora njia zake hadi mpakani mwake, zikakomea hapo. Wenye uwezo nao wakajenga mitaa yenye ukuta na geti moja. Hivyo nyumba mbili zilizopeana migongo zaweza kuwa na safari ndefu baina yao, na magari yote hulazimika kumiminika katika barabara kuu chache. Barabara pana ya Thika ilikamilika mwaka 2012, lakini barabara kuu haiwezi kuziunganisha njia ndogo zisizotokezeana.

Haya si ya Nairobi peke yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba, tangu mwaka 1975, barabara mpya katika sehemu nyingi za dunia zimezidi kupungukiwa na mapitio. Hata hivyo, njia mbadala ipo. Katika mradi wa Dandora, huko huko Nairobi, ulioanza miaka ya 1970, viwanja 6,000 vilipimwa pamoja na njia na mabomba ya maji kabla wananchi hawajajijengea nyumba zao.

Ndugu wasikilizaji, mtaa wenye mlango mmoja ni rahisi kuuzingira. Lakini nyumba ikishika moto, au mama mjamzito akizidiwa usiku, mlango huo mmoja ndio unaomchelewesha mwokoaji. Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine. Njia ikishachorwa na watu wakajenga kandokando yake, kuigeuza ni kuwahamisha watu na kuwalipa fidia. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Miji yetu inayokua leo bado ni mibichi.